Vidole Viwili vya Maji

Maji ya tangi yalipungua vidole viwili, na mama yake Kiberiti akaitwa mwizi mbele ya wafanyakazi wote.

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, kwenye karakana ya matofali ya saruji. Msimamizi hakumwita mama pembeni. Alipanda juu ya rundo la mchanga, daftari mkononi, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa muuza chai nje ya geti. Jana jioni maji yalikuwa kwenye mstari wa themanini. Sasa yako sabini na nane. Mashine ya kuchanganyia zege imekufa tangu jana asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyetumia hata kopo moja. Na ufunguo wa tangi anao mtu mmoja tu. Alipomaliza akanyoosha kiganja. Mama akauweka ufunguo pale, akavua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba anaiweka kabatini, akaondoka.

Kiberiti aliyaona yote. Alikuwa amemletea mama chakula cha mchana, na bakuli lilikuwa bado la moto mikononi mwake. Jina lake halisi limo kwenye orodha ya shule. Hili la Kiberiti alipewa na watoto wenzake kwa sababu ni mdogo, mwembamba, na akiguswa tu anawaka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ile aliwaka mpaka masikio yakamvuma, lakini mama alimshika mkono akamvuta, na mama akikushika mkono namna ile hufungui mdomo.

Tangi lenyewe lilikuwa la saruji, wazi kwa juu, mita nne kwa mita nne, na kina chake mtu mzima angezama mpaka mabegani. Lilizungukwa na uzio wa waya wenye mlango na kufuli. Mji ule maji yalikuwa ya taabu. Gari la maji lilikuja Jumatatu na Alhamisi, na bila maji hakuna tofali. Ndiyo maana ukutani kwa ndani palichorwa mistari ya rangi nyekundu, mmoja kila upana wa kidole, kutoka chini hadi juu. Kazi ya mama ilikuwa kuisoma asubuhi, mchana na jioni, na kuandika kwenye daftari. Kidole kimoja kilikuwa karibu ndoo kumi na nne.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka sita. Watu walimfuata getini na madumu wakimbembeleza, dada, lita tano tu, mtoto hajaoga, naye akawajibu kwamba maji si yake. Wengine walimwita mchoyo. Sasa anaitwa mwizi. Mtu afanye lipi ili aachwe?

Wiki ile karakana ilikuwa na jambo moja jipya, nalo ni fundi bomba. Bomba la plastiki la kutolea maji lilikuwa limelazwa kwenye sakafu ya tangi, na kwa kuwa ni jepesi liliinuka na kuelea, mashine ikawa inavuta hewa badala ya maji. Dawa yake ilikuwa kulikandamiza kwa matofali. Fundi akaunda chelezo, mapipa manane matupu yenye mbao juu yake, akakiingiza ndani ya tangi Ijumaa asubuhi. Alasiri akapakia juu yake matofali arobaini mazito, tayari kuyapeleka katikati. Kabla hajaanza kuyashusha, akaitwa mtaa wa pili ambako bomba lilikuwa limepasuka. Chelezo kikalala na mzigo wake. Jumamosi asubuhi alirudi, akaingia majini, akakivuta chelezo hadi katikati na kuyashusha matofali yote arobaini hadi sakafuni, moja moja. Chelezo kitupu akakifunga kamba ukutani, maana alikuwa na valvu ya kufunga wiki inayofuata.

Hapo ndipo msimamizi alipojiona ana akili kuliko wote.

"Matofali arobaini yametumbukizwa humu," aliwaambia wafanyakazi. "Ukitia kitu ndani ya maji, maji yanapanda. Hata mtoto anajua. Haya yangepanda karibu vidole viwili. Badala ya kupanda, yameshuka viwili. Kwa hiyo msidhani zimeibwa ndoo ishirini na nane. Zinafika hamsini."

Wafanyakazi wakaguna. Hesabu ilikuwa imenyooka. Hata fundi bomba, ambaye alimheshimu mama, alijikuna kichwa na kurudi kwenye mabomba yake.

Nyumbani mama hakulia. Alifua nguo zilizokuwa safi, akazianika, akakaa mlangoni akiziangalia. Jirani wa mlango wa pili akaja kumpa pole, na pole yake ikageuka kuwa somo. Mama alikuwa amemsimulia kwamba Ijumaa mchana alisoma sabini na sita, na jioni akakuta themanini, na gari la maji halikuja. Alisoma mara tatu akidhani macho yamemdanganya. Akamwambia msimamizi, naye, bila kuinua uso kutoka kwenye simu yake, akasema aandike tu, atasaini. Mama akaandika, na msimamizi akasaini.

"Kosa lako ndilo hilo," jirani alisema. "Maji yamejiongeza, wewe unayatangaza ya nini? Ungeandika sabini na sita ileile, ukabaki na akiba yako. Leo wangekukuta na ziada."

"Niliona themanini."

"Uliona, lakini hukuelewa zimetoka wapi."

"Sikupewa kazi ya kuelewa," mama alisema. "Nilipewa kazi ya kuandika ninachokiona."

Jirani akaondoka akitikisa kichwa, na kabla jua halijatua mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mama Kiberiti mwenyewe amekiri kuandika namba asizozielewa. Jumapili, kwenye foleni ya bomba la mtaa, wanawake wawili waliyasogeza madumu yao mbali na la mama, kama vile mwizi wa maji angeyanywa yakiwa ndani ya dumu.

Jumatatu ikafika. Darasani kwao Kiberiti, dawati la nyuma yake alikaa mtoto wa msimamizi. Hakuwa mtoto mbaya sana, ila alipenda kusikiwa. Alisubiri watu wakae, akainama mbele na kumuuliza Kiberiti kama leo ameoga.

Kiberiti akafungua daftari lake.

"Mbona unang'aa? Kweli ndoo hamsini si mchezo."

Darasa likacheka. Kiberiti hakukumbuka baadaye aliinuka vipi. Alijikuta ameshamsukuma mwenzake, dawati limepinduka, na yule mvulana yuko sakafuni ameshika kiwiko kilichochubuka.

Mwalimu wa sayansi, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa, aliingia wakati huohuo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye chaki kwenye mfuko wa shati na subira fupi. Aliwasimamisha wote wawili mbele, akasikiliza upande mmoja, akasikiliza wa pili. Hukumu yake ilikuwa ya haki. Mwenye mdomo aombe radhi kwa mdomo wake, mwenye mikono aombe radhi kwa mikono yake. Wakaombana radhi kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia. Angeishia hapo kusingekuwa na neno, lakini mwalimu alikuwa na tabia ya kufundisha hata pasipoombwa somo.

"Kuhusu mama yako siwezi kusema, simfahamu," alimwambia Kiberiti. "Lakini kuhusu maji, msimamizi yuko sahihi. Kitu kikizama, maji hupanda."

Kiberiti alihisi kama ametukanwa tena, safari hii na mtu aliyemtegemea.

"Umepima, Mwalimu?"

"Nimefundisha somo hilo miaka kumi na minne."

"Najua umefundisha," Kiberiti alisema. "Mimi nauliza kama umepima. Yale matofali hayakutoka barabarani yakaingia tangini. Yalikuwa yameshaingia. Yalikuwa juu ya chelezo, na chelezo kiko ndani ya maji."

Mwalimu mwingine angemtoa nje kwa utovu wa adabu. Huyu alisugua kidevu, kisha akamtuma mtoto wa msimamizi akalete ndoo ya maji na bakuli la plastiki kutoka jikoni kwa walimu, na Kiberiti akatafute jiwe la ukubwa wa ngumi mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa fedheha. Waliweka jiwe ndani ya bakuli, bakuli likainama upande, likajaa maji na kuzama na jiwe lake. Watoto wakacheka, na mwalimu akaloa mkono wa shati. Mara ya pili Kiberiti alilituliza jiwe katikati kabisa kwa ncha za vidole. Bakuli likashuka, likatulia, likaelea. Mwalimu alibandika kipande cha utepe ndani ya ndoo pale maji yalipofika. Kisha Kiberiti akalitoa jiwe kwenye bakuli bila kumwaga hata tone, akaliteremsha polepole mpaka chini ya ndoo, akatoa mkono.

Watoto walisongamana vichwa. Maji yalikuwa chini ya utepe. Si kwa unywele. Kwa unene wa kidole.

Mwalimu alilirudisha jiwe ndani ya bakuli, maji yakapanda mpaka kwenye utepe. Akalishusha tena, yakashuka. Alifanya hivyo mara nne. Mtoto wa msimamizi, ambaye alikuwa amesimama karibu kuliko wote, alisema taratibu kwamba hii haiwezekani, na mwalimu akamjibu kwamba anaiona, kwa hiyo inawezekana.

Kisha alivuta kiti, akakaa, akawaza kwa sauti mbele ya wanafunzi arobaini na wawili. Jiwe likiwa ndani ya bakuli, bakuli linaubeba uzito wake wote, na ili libebe uzito huo lisizame, lazima lisukume maji yenye uzito uleule wa jiwe. Hayo ni maji mengi, maana jiwe ni zito. Likifika chini, halibebwi tena na bakuli, limelalia sakafu. Pale linachukua nafasi ya mwili wake tu. Na mwili wa jiwe ni mdogo ukilinganisha na uzito wake.

"Kwenye chelezo linasukuma maji kwa uzito," alisema. "Chini linasukuma kwa ukubwa. Mimi nimejibu swali ambalo hukuniuliza. Nimekosea, Kiberiti, na nimekosea mbele ya darasa, kwa hiyo nalisema mbele ya darasa."

Kiberiti alitaka kufurahi, akashindwa. Kumbe jambo lenyewe lilihitaji ndoo, bakuli na jiwe. Dakika ishirini. Na mtu mzima mwenye karakana nzima ya ndoo na mawe hakuona haja ya kuzitumia kabla ya kumvua mtu jina lake.

Jumanne baada ya masomo, mwalimu na Kiberiti walikwenda karakana na ndoo yao. Msimamizi aliwapokea akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, na hakuwakaribisha kukaa. Aliwaacha waonyeshe, akatazama mara moja, akacheka kwa pua.

"Mwalimu, nakuheshimu," alisema. "Lakini hilo ni bakuli, na lile ni tangi. Huku tunafanya kazi, hatuchezi. Na mtoto huyu amefundwa na mama yake la kusema."

Kiberiti alimwambia kwamba mama hajui hata kama wamekuja. Msimamizi akaingia ndani na kufunga mlango. Mwalimu aliondoka midomo imemkauka kwa hasira, ila fundi bomba, aliyekuwa akifunga valvu yake pale tangini na kusikia yote, alimfuata Kiberiti hadi getini akamnong'oneza kwamba kila Jumatano saa tisa anakuja mwenye karakana mwenyewe. Akipatikana huyo, yeye fundi yuko tayari kuingia majini bila malipo, kwa sababu tangu Jumamosi hajalala vizuri.

Mwenye karakana alikuwa mwanamke mzee, mkavu, mwenye fimbo. Wafanyakazi walimwita Bibi Saruji, ila si mbele yake. Kila Jumatano alipita kati ya safu za matofali akiyagonga kwa fimbo na kusikiliza mlio, na tofali likimjibu vibaya alilisukuma likaanguka. Jumatano ile alimkuta mtoto mwembamba amesimama katikati ya njia, na nyuma yake mwalimu mrefu mwenye ndoo.

Kiberiti alimwamkia. Bibi akaitikia na kumuuliza yeye ni wa nani.

"Wa yule mnayemwita mwizi wa maji."

Fimbo ilisimama. "Mimi sijamwita mtu mwizi," Bibi alisema. "Nimeambiwa mtunza maji ameacha kazi mwenyewe, amepata pengine."

Kiberiti aligeuka akamtazama msimamizi, aliyekuwa amesogea kando yao, na safari hii hata mama angekuwepo asingemzuia. Alisema yote, kuanzia rundo la mchanga hadi madumu yaliyosogezwa kwenye foleni. Hakupiga kelele. Alisema haraka, kwa mpangilio, kama anayesoma. Alipomaliza akasema kwamba haombi mama ahurumiwe. Anaomba matofali yale arobaini yatolewe chini, yarudishwe juu ya chelezo, na watu waangalie mstari.

Msimamizi alieleza kwamba hiyo ni kupoteza alasiri nzima, kwamba kuna oda ya watu, kwamba mtoto akianza kuendesha karakana watakwisha wote. Bibi alimwacha amalize. Kisha akamwambia Kiberiti kwamba ataizima mashine, iliyotengenezwa juzi tu, lakini ajue analoliomba. Maji yasipopanda, mama yake hatatia tena mguu hapa, na yeye Bibi mwenyewe atawaeleza watu sababu. Kiberiti alikubali kabla woga haujamfikia. Ulimfikia baadaye, alipotumwa nyumbani kumwita mama, na mama akavaa viatu bila kuuliza chochote.

Mashine ikazimwa. Mama alisoma mstari, na Bibi akasoma baada yake kwa miwani. Sitini na tatu. Fundi bomba akaingia majini na kibarua mmoja, wakaanza. Fundi alizama, akaibuka na tofali kifuani, wakalikweza juu ya chelezo. Akazama tena. Maji yalichafuka na kupigapiga ukuta, huwezi kujua yako wapi. Tofali la tano, la saba. Msimamizi aliegemea uzio akitabasamu. Kiberiti aliyakazia macho mawimbi mpaka yakamwuma, akawaza kwamba labda kweli bakuli ni bakuli na tangi ni tangi, na kwamba ameiweka kazi ya mama juu ya jiwe la ukubwa wa ngumi mbili.

Kwenye tofali la kumi na tano kibarua mwingine aliyekuwa ukingoni alisema, "Jamani, mbona sitini na tatu siuoni?"

Wote walikuwa wanautafuta. Ulikuwa umefunikwa. Matofali yaliendelea kupanda. Moja lilimponyoka fundi likatua kwenye mguu wake, likapasuka, akatoa maneno ambayo mwalimu alijifanya hakuyasikia. Jingine lilipasukia ukutani. Vipande navyo vikapandishwa. La arobaini lilipowekwa, kibarua wa ukingoni akapaza sauti kwamba ni sitini na tano na kitu.

"Bado," Kiberiti alisema. "Mjomba, tokeni kwanza. Na nyinyi mmo ndani ya maji."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Fundi na mwenzake wakatoka wakichuruzika. Watu wakasubiri. Mawimbi yakalala, chelezo kikatulia na mzigo wake, na mama akapiga magoti ukingoni kama alivyofanya kila siku kwa miaka sita.

"Sitini na tano kasoro unene wa ukucha," alisoma. Hakusema sitini na tano. Alisema alichokiona.

Msimamizi akasogea haraka. "Kasoro. Si mmesikia? Haikufika."

"Hiyo kasoro imo kwenye suruali ya fundi," Bibi alisema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Yeye hakucheka. Aliomba daftari la maji, akavaa tena miwani, akafunua ukurasa wa Ijumaa na kuuinua usoni mwa msimamizi. "Mchana sabini na sita. Jioni themanini. Hii sahihi ni ya nani?"

Ilikuwa yake.

"Vidole vinne viliingia tangini matofali yalipopandishwa chelezoni, na gari halikuja, ukasaini. Hukumwita mtu yeyote ukamshukuru kwa kuleta maji kutoka kwao. Vilipotoka viwili, ukapanda juu ya mchanga."

Msimamizi alisema hakulisoma vizuri lile daftari, kulikuwa na kazi nyingi. Kisha akasema yaliyopita yasahauliwe. Bibi akamwambia hayajapita, yamesimama pale yamevaa viatu, na kwamba neno alilolitoa mbele ya watu alirudishe mbele ya watu. Alimsubiri. Msimamizi akamgeukia mama na kuomba samahani. Alisema alimwita mwizi bila kupima na bila kusoma, na kwamba alidanganya aliposema ameacha kazi mwenyewe. Maneno yalimtoka moja moja, mazito kama yale matofali.

Mwalimu aliomba kusema kidogo, na kwa kuwa alikuwa mwalimu Bibi akamruhusu.

"Msimamizi na mimi tulikosea kosa moja," alisema. "Tulijua jambo la kweli, kwamba kitu kikizama maji hupanda, tukalibandika mahali pasipo pake. Mimi niliulizwa, nikapima, nikaaibika kidogo, yakaisha. Kukosea hesabu si aibu. Aibu ni kumhukumu mtu kwa hesabu uliyoona uvivu kuijaribu." Akawageukia Kiberiti na mtoto wa msimamizi, aliyekuwa amemfuata baba yake na sasa anaangalia vidole vyake vya miguu. "Na nyinyi shikeni hili. Mama huyu aliandika namba asiyoielewa, kwa sababu ndiyo aliyoiona. Angeirekebisha ipendeze, leo tusingekuwa na cha kumtetea. Andika unachokiona. Kukielewa kutafuata, ukikitafuta."

Mama alirudishiwa ufunguo palepale, na Bibi akaamuru alipwe siku zake tatu na nusu alizokaa nyumbani. Malipo yaliishia hapo. Matofali mawili yalipasuka na yakatupwa. Fundi bomba aling'oka ukucha wa dole gumba la mguu. Kiwiko cha mtoto wa msimamizi kilibaki na kovu, na hilo alilifanya Kiberiti, si mtu mwingine. Jirani wa mlango wa pili hakuja tena kumsalimu mama, kwa aibu au kwa kiburi. Kwenye foleni ya bomba, mwanamke mmoja kati ya wale wawili alianza kumpisha mama. Wa pili bado anasogeza dumu lake. Wafanyakazi kumi na mmoja walisikia Jumamosi mama akiitwa mwizi. Waliosikia samahani Jumatano walikuwa saba, kwa sababu saa kumi na moja, saa ya kutoka kazini, ilikuwa imeshapita, na wanne walikuwa wameshakwenda makwao.